Uganga, Utawala na Kura: Kutoka Kinole hadi Kiambu

Katika matelemko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, huko Kinole, ndiko kulikokuwa na kiti cha Kingalu. Jina hilo si la mtu mmoja bali ni la cheo, nacho hupokewa na mpwa kutoka kwa mjomba kwa desturi ya Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kingalu alijulikana kwa mvua kabla ya kujulikana kwa hukumu. Waliomwendea walimwendea kwanza kwa ajili ya mashamba yao, na heshima ya kiti ilitokana na imani kwamba aliyeketi juu yake aliijua dawa ambayo wengine hawakuijua. Mwenye shaka aweza kucheka kwamba mganga wa mvua aliketi mahali ambapo pepo za baharini huleta mvua bila ya kuombwa. Lakini milima hiyo ndiyo inayoulisha Mto Ruvu, na mwaka ambao mvua yake hupungua, watu wa bondeni nao hupata habari.

Jambo linalofaa kuangaliwa hapa ni namna cheo hicho kilivyounganisha vitu viwili vyenye tabia mbalimbali. Uganga hukaa katika siri: dawa hufichwa, na shida ya mgonjwa haitangazwi barazani. Utawala hukaa hadharani: mtawala asiyeonekana si mtawala. Serikali za kigeni zilivitenga vitu hivyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Morogoro mwaka 1882 na Matombo mwaka 1897, wakaja na dawa zao. Boma la Wajerumani, na baadaye la Waingereza, likamtaka mtawala akusanye kodi na kuamua kesi ndogo ndogo. Mwaka 1963 sheria ya Tanganyika ikaondoa mamlaka ya machifu. Tangu hapo mganga yuko zahanati na mtawala hutoka katika sanduku la kura, ingawa lugha yenyewe haikusahau: katika kila mkoa wa Tanzania daktari mkuu wa serikali bado huitwa Mganga Mkuu.

Mtu ambaye ametoka katika kazi ya afya akaenda kuomba kura si wa ajabu. Wa ajabu ni yule aliyekwenda kuomba kura ilhali watu wote wamejua kwamba yeye hupenda wanaume wenzake, naye hakulikana. Katika Afrika ya Mashariki mfano ulio karibu kabisa ni wa David Kuria Mbote wa Kiambu, nchini Kenya, aliyejitokeza kutaka useneta katika uchaguzi wa 4 Machi 2013. Yeye si daktari wala si muuguzi. Lakini harakati zilizomtoa, na vikundi alivyoviongoza, vilipata mlango wa kuingilia katika maisha ya taifa kwa njia ya kliniki, na historia yake haieleweki mpaka ieleweke historia ya kliniki hizo.

Kwanza yapasa kusema neno juu ya sitara. Katika pwani ya Waswahili watu wa namna hii hawakuwa wageni, na msamiati washuhudia. Hanithi ni neno la asili ya Kiarabu, na ndugu yake husikika Oman hata leo. Shoga ni jina ambalo wanawake huitana wao kwa wao kwa mapenzi na mazoea, kisha likahamia kwa mwanamume aliyekaa katika mabaraza ya wanawake, akacheza ngoma zao na kusaidia katika harusi zao. Lugha haitungi majina ya watu wasiokuwapo. Lakini masharti ya kuvumiliwa yalikuwa wazi: jambo lijulikane, lisitajwe. Aliyejisitiri alisitiriwa, aliyejianika aliachwa juani. Yamkini si haki kuuita utaratibu huo uhuru, kwa maana uvumilivu wa namna hii hutegemea hisani ya majirani, na hisani huondolewa siku yoyote bila ya kutoa sababu.

Sheria ilikuja baadaye na kwa njia ndefu. Kanuni ya adhabu ya India ya mwaka 1860, yenye kifungu chake cha 377, ilitumika Afrika ya Mashariki tangu mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1930 Kenya na Tanganyika zilipewa kanuni mpya zilizofuata mfano wa Queensland, Australia, wa mwaka 1899, ambao ulikuwa umekwisha kupita Nigeria ya Kaskazini. Kwa hiyo maneno yanayotumika leo mahakamani Nairobi na Dar es Salaam juu ya tendo lililo kinyume cha maumbile yaliandikwa na mwanasheria wa Australia ambaye hakupata kuiona Mombasa. Kenya yaadhibu tendo hilo kwa kifungo cha miaka 14 chini ya kifungu cha 162, na kwa miaka 5 chini ya kifungu cha 165. Tanzania iliongeza ukali kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998: kifungu cha 154 sasa chatoa adhabu isiyopungua miaka 30, na chaweza kufikia maisha.

Ukimwi ndio uliomlazimisha serikali kusema na watu ambao sheria yake ilitaka kuwafunga. Kenya ilitangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999, na kwa miaka mingi mahubiri, mabango na takwimu zilimhusu mume na mke, kahaba na dereva wa lori. Kisha watafiti wa taasisi ya KEMRI, waliokuwa wakifanya kazi Mombasa na Mtwapa tangu mwaka 2005, walipima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba miongoni mwa wanaume waliojamiiana na wanaume tu, asilimia 43 walikuwa na virusi; miongoni mwa wale waliokuwa na wanawake pia, asilimia 12.3. Mwaka 2009 uchambuzi wa taifa zima ulikadiria kwamba asilimia 15.2 ya maambukizo mapya yalitokana na wanaume hao pamoja na wafungwa magerezani. Haikuwezekana tena kudai kwamba ni mambo ya wazungu. Mpango wa taifa wa kupambana na Ukimwi ukawataja, na hivyo mkono mmoja wa serikali ukaandika jina la watu hao katika orodha ya kuhudumiwa, na mkono mwingine ukaliacha katika orodha ya kuadhibiwa.

Katika ufa huo ndimo vikundi vilimoota. Muungano uitwao GALCK uliundwa Nairobi mwaka 2006, ukikusanya vikundi mbalimbali, kimojawapo kikiwa Ishtar, ambacho kilishughulika hasa na afya ya wanaume. David Kuria akawa meneja mkuu wake. Mwezi wa Januari 2007, Kongamano la Kijamii la Dunia lilipofanyika Kasarani, wanachama walipiga hema lao miongoni mwa mahema mengine, wakakaa humo mchana kweupe na kuzungumza na yeyote aliyepita. Wapo waliokuja kutukana na wapo waliokuja kuuliza. Kwa wengi wa waliohudhuria hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona Mkenya mwenzao akijitaja hivyo bila ya kuteremsha sauti.

Yaliyotukia Mtwapa miaka mitatu baadaye yaonyesha sitara ilivyokuwa nyembamba. Asubuhi ya tarehe 12 Februari 2010, baada ya uvumi kuenea kwamba wanaume wawili wataoana katika mji huo, umati wa watu uliizingira kliniki ya KEMRI. Harusi haikuwapo. Kliniki ilikuwapo, nayo ilijulikana kwa wateja wake. Polisi waliwachukua wanaume kadhaa, wengine yasemekana kwa kuwaokoa na umati; hao hawakupata kushtakiwa. Huduma zilisimama, na watu waliokuwa wakipokea dawa walijificha. Katika siku hiyo moja, siri ya mganga, ambayo hata Kingalu wa Kinole angalidai iheshimiwe, ilivunjwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na uadui wa siku zote na mtu yeyote aliyekuwa ndani ya jengo lile.

Kuna somo la Uluguru linalofanana na hilo kwa upande mmoja. Kuanzia mwaka 1950 hivi serikali ya Kiingereza iliwataka wakulima wa milima hiyo kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usichukuliwe na mvua. Wataalamu walikuwa na hakika ya elimu yao, na kuhusu mmomonyoko hawakukosea. Walikosea kwa kuamuru. Mwezi wa Julai 1955 watu wa Matombo walikusanyika kupinga, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango wote ukaachwa. Watafiti wa Mtwapa hawakumwamuru mtu, na wateja wao waliwaamini kabisa. Walichokosa ni mazungumzo na waliokaa nje ya ukuta. Hilo walilitambua wenyewe. Baada ya Februari 2010 walikaa na mashehe na wachungaji wa eneo hilo, kikao baada ya kikao, na wakawafundisha wauguzi na washauri nasaha 74 kutoka vituo 49 vya pwani jinsi ya kumpokea mgonjwa wa namna hii bila ya kumhubiria. Walipopimwa baada ya miezi mitatu, chuki ya wafanyakazi hao ilikuwa imepungua, na zaidi kwa wale waliokuwa nayo nyingi mwanzoni. Habari hii haikupata nafasi katika magazeti kama ile ya umati, na pengine kazi yenyewe iliweza kuendelea kwa sababu hiyo.

Miezi sita baada ya ghasia za Mtwapa, Wakenya waliipigia kura katiba mpya, nayo ikatangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Ilizaa kaunti 47, ikazipa kaunti hizo kazi ya kuendesha vituo vya afya na hospitali, na ikaweka Seneti iwe mlinzi wa kaunti. Kifungu cha 43 kiliahidi kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Kifungu cha 27 kilikataza ubaguzi kwa sababu yoyote, na katika kutaja mifano kikataja hali ya afya ya mtu, dini yake, hata mavazi yake, ila mwelekeo wa mapenzi hakikuutaja. Hakuna kifungu kilichomzuia mtu kama Kuria kugombea. Sheria ya adhabu huhukumu tendo, wala haimwondolei mtu haki ya kuchagua na kuchaguliwa kwa jinsi alivyo. Kwa hiyo mtu aliyeijua njaa ya huduma za afya kutoka chini alikuwa na sababu njema ya kukitaka kiti cha Seneti kuliko kingine chochote.

Hali ya nchi haikuwa nyepesi. Mwezi wa Novemba 2010 Waziri Mkuu, Raila Odinga, aliripotiwa kusema katika mkutano wa Kibera kwamba watu wa jinsia moja wanaoishi pamoja wakamatwe, ingawa baadaye alisema maneno yake hayakunukuliwa sawasawa. Mwaka uliofuata, Willy Mutunga alipohojiwa kwa cheo cha Jaji Mkuu, aliulizwa juu ya kipini alichokivaa sikioni. Aliteuliwa, na kipini hakukivua. Kati ya mambo hayo mawili ndipo Kuria alipojitokeza, naye yafaa akumbukwe kama mtu aliyepima maji kabla ya kuingia, wala si kama kichaa aliyejitupa mtoni.

Kwa mgombea asiye na chama, kifungu cha 99 cha katiba kilidai waungaji mkono 2,000 miongoni mwa wapiga kura walioandikishwa katika kaunti. Msomaji na afikiri maana ya sharti hilo kwa mtu huyu. Kwa mgombea mwingine, kutia sahihi ni adabu ya jirani. Kwa mgombea huyu, kila sahihi ilikuwa ni mtu aliyekubali jina lake liandikwe chini ya jina ambalo kanisani na sokoni lilikwisha kusemwa. Kliniki huwaomba watu waje kimya; kura huwaomba waje kwa majina. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika desturi ya kwanza hulazimika kujifunza desturi ya pili karibu upya, na waliomzoea katika ya kwanza si lazima wamfuate katika ya pili. Baadhi ya watu ambao angalitegemea wamsaidie ndio hasa ambao kuonekana naye jukwaani kungewaangamiza.

Tena Kiambu si kaunti kama nyingine. Ni nyumbani kwa ukoo wa Kenyatta, na mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alikuwa akigombea urais. Wimbi la chama chake cha TNA lilipita katika kaunti hiyo likachukua karibu kila kilichokuwa njiani. Asiye na chama kikubwa angalishindwa hata kama angalikuwa na wake wawili na watoto kumi. Kuria alijiondoa kabla ya siku ya kura: fedha zilikuwa haba, na vitisho navyo vilikuwapo. Kiti kilikwenda kwa Kimani Wamatangi wa TNA. Waandishi wa nje waliieleza habari hiyo yote kama kisa cha ushoga na chuki. Waliacha kuandika kwamba ilikuwa pia kisa cha mgombea maskini katika nchi ambayo siasa huendeshwa kwa fedha. Vitisho havikuwa uzushi, lakini tatizo lake la fedha lilikuwa ni tatizo la mwalimu yeyote au muuguzi yeyote wa Kiambu aliyetaka kiti hicho bila ya tajiri nyuma yake.

Laiti mpangilio wa mambo ungalikuwa mwingine, labda njia ingalikuwa laini zaidi. Ireland ilirithi sheria ya Kiingereza ya mwaka 1861 na haikuifuta hadi mwaka 1993. Leo Varadkar, daktari kwa taaluma na mwana wa daktari kutoka India, aliingia kwanza katika baraza la kaunti ya Fingal, kisha bungeni, kisha akawa waziri wa afya. Ndipo mwezi wa Januari 2015, akiwa katika wizara hiyo, alipotaja redioni kwamba yeye ni shoga. Mwaka 2017 akawa waziri mkuu, na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, alijiandikisha tena udaktari akasaidia kazi siku moja kwa wiki. Lakini Varadkar alijulikana akiwa amekwisha kukaa juu ya kiti, na sheria ilikwisha kuondoka miaka 22 kabla. Kuria aliomba kiti akiwa amekwisha kujulikana, na sheria ikiwa pale pale. Kuwapima wawili hao kwa kibaba kimoja si kuwatendea haki.

Baada ya mwaka 2013 kliniki ndizo zilizolipa gharama katika nchi za jirani. Tarehe 3 Aprili 2014, wiki chache tu baada ya sheria mpya ya Uganda kutiwa sahihi, polisi wa Kampala walivamia kliniki ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Makerere na Walter Reed iliyowahudumia wanaume hao. Sheria ile ilibatilishwa na mahakama mwezi wa Agosti mwaka ule ule, lakini nyingine, kali zaidi, ilitiwa sahihi mwezi wa Mei 2023. Tanzania haikuhitaji umati wala uvamizi: mwezi wa Februari 2017 Wizara ya Afya ilitangaza kusimamisha huduma katika vituo 40 vilivyokuwa vikishughulika na makundi hayo, kwa hoja kwamba vilikuwa vikieneza ushoga. Mgonjwa wa Morogoro aliyekuwa amezoea kupokelewa bila ya kuulizwa maswali alitakiwa kurudi katika foleni ya kawaida, ambamo husimama mbele yake jirani na nyuma yake shemeji. Wanaoijua foleni hiyo wajua kwa nini wengine hawakurudi.

Mahakamani Kenya, neno sitara halikutajwa, lakini ndilo lililoamua sehemu moja ya kesi. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165. Walalamikaji walikuwa wamedai, pamoja na mengine, kwamba vifungu hivyo huwanyima watu matibabu. Mahakama iliona kwamba ushahidi wa dai hilo haukutosha. Ni hoja ya kisheria iliyo sawa kwa sura yake. Walakini waliokuwa na ushahidi ni wagonjwa, na aliyekosa matibabu kwa kuogopa kujulikana ndiye mtu wa mwisho atakayekubali kusimama mbele ya majaji na waandishi wa habari aeleze alivyoyakosa. Habari zake zimo katika madaftari ya utafiti, na humo huandikwa kwa nambari.

Shauri jingine lilikuwa na mwisho tofauti. Mwaka 2012, wakati mgombea wa Kiambu alipokuwa akitafuta wapiga kura, mwanasheria Eric Gitari alikuwa akiiomba bodi ya mashirika yasiyo ya serikali iandikishe shirika lenye neno shoga na neno msagaji katika jina lake la Kiingereza. Bodi ilikataa jina. Gitari hakukubali kulibadili kwa jingine la kupamba, akapanda ngazi zote: Mahakama Kuu mwaka 2015, Mahakama ya Rufani mwaka 2019, na hatimaye Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 24 Februari 2023, kwa majaji 3 dhidi ya 2, iliamua kwamba kulikataa shirika kwa ajili ya jina hilo ni ubaguzi, na kwamba orodha ya kifungu cha 27 ni ya mifano tu. Mbunge mmoja wa Homa Bay aliomba uamuzi huo uangaliwe upya. Ombi lake lilitupwa mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Vifungu vya 162 na 165 vimebaki katika kitabu, na hakuna mtu aliyejitangaza vile ambaye amepata kuketi katika Seneti ya Kenya.